UZI: Tulivyoanzisha chapta ya sororiti ya mchanganyiko chuoni Marekani, na ilivyotaka kufa mara mbili

Binti Temeke
Wakuu habari za jioni. Juzi kuna mtu alitupia picha ya wadada wa Kimarekani wamevaa pinki na kijani wamenyoosha kidole cha mwisho, akaandika hao ni Freemason na Kamala Harris ndo malkia wao, watu wakashuka na amina za kutosha. Nilicheka mpaka chai ikapita puani. Wale ni Alpha Kappa Alpha, chama cha wasichana weusi kilichoanzia Howard University mwaka 1908, na Kamala aliingia 1986 akiwa mwanafunzi hapo hapo Howard. Mimi si wa chama hicho ila nimepita kwenye vyama vya ukoo huo na tena nilikuwa kwenye kundi lililoanzisha chapta kutoka sifuri, kwa hiyo nikaona bora niwasimulie maana wengi tunavijua kwenye muvi tu, pale wanapokunywa pombe kwa mrija.

Jina la chuo na la chama siweki, msinibembeleze. Semeni tu jimbo la mahindi, Midwest, kule katikati ya Marekani, nilifika Agosti 2014.

Uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma apite kwa amani.

Mzee wa Kibaoni
Siti ya mbele nimewahi. Tiririka bidada.

mpenda_pilau
Ngoja nichemshe maji, naona chai inakuja na tangawizi yake.

Binti Temeke
Mpenda pilau wewe kaa na sukari yako hapo nitakukuta.

Kwanza muelewe sororiti ni nini. Ni chama cha wasichana wa chuo, kinaitwa kwa herufi za Kigiriki mbili au tatu, unaingia ukiwa mwanafunzi lakini hutoki ukimaliza, unabaki dada wa watu mpaka unazikwa. Kila chuo kina tawi lake ndo linaitwa chapta, na zenyewe zinapewa herufi kwa mpangilio, Alpha, Beta, Gamma hivyo hivyo. Vyama vingi herufi ya Omega hawaipi chuo chochote, wanasema ni chapta ya waliotangulia mbele za haki. Nilivyoambiwa hilo mara ya kwanza nilinyamaza kidogo.

Sasa vyama vya mwanzo vya karne ya 19 vilikuwa vya wazungu, na milango ilifungwa kwa wengine wote. Ndo maana wasichana weusi wakaanzisha vya kwao, hao wa 1908, halafu Delta Sigma Theta 1913 hapo hapo Howard, waanzilishi 22, na mwaka huo huo mwezi wa tatu wakaingia barabarani Washington kwenye maandamano ya wanawake kudai kura. Walatino nao 1975 huko chuo cha Kean, New Jersey, wakaanzisha Lambda Theta Alpha. Halafu Novemba 1981 pale chuo cha Rutgers, New Jersey hiyo hiyo, wasichana watano wakasema sisi hatutaki chama cha kabila moja, tunataka cha wote. Wakaanzisha Mu Sigma Upsilon, ndo sororiti ya kwanza ya mchanganyiko Marekani. Rutgers College yenyewe ilikuwa imeanza kupokea wanawake 1972 tu, yani miaka tisa nyuma! Baada ya hapo vikafuata vingine, Lambda Sigma Gamma pale Sacramento 1986, Theta Nu Xi pale Chapel Hill, North Carolina, 1997, na 1998 vikaundiwa baraza lao la taifa.

Haya yote nilikuwa nayajua kwa kichwa kama tulivyokariri madini na mikoa shule ya msingi. Mnisamehe kwa somo la historia ila bila hilo hamtaelewa kwa nini tulihangaika.

Mwl. Chaki
Swali mama. Kwani hiyo milango si ilishafunguliwa? Hiyo ni habari ya kina Martin Luther King bwana, wewe umeenda 2014.

Binti Temeke
Mwalimu, mwaka 2013, mwaka mmoja kabla sijapanda ndege, gazeti la wanafunzi la University of Alabama linaitwa The Crimson White liliandika kwamba kuna binti mweusi ana maksi nzuri na ukoo mzuri alikataliwa na sororiti za wazungu pale, na baadhi ya wanafunzi walikuwa wanamtaka ila kina mama waliomaliza zamani ndo waliweka mguu mlangoni. 2013 hiyo. Chuo kikabidi kifungue tena usajili.

Kwangu mimi sikukataliwa kwa ubaya, niseme ukweli wa Mungu. Nilienda kwenye wiki yao ya usajili, majumba yana nguzo nyeupe kama Ikulu, wadada 80 wanakupokea mlangoni wanaimba na kupiga makofi. Unakaa na mmoja dakika chache, kengele inalia, anakuja mwingine. Wote wakarimu mno. Shida maongezi sasa, huyu anasimulia nyumba yao ya ziwani ya likizo, yule anasimulia boti ya babu yake, ikafika zamu yangu nikajikuta nasema na sisi tuna Coco Beach. Akauliza ni yenu kabisa? Nikasema ndio.

Nikaulizia ada yao ya mwaka. Nikarudi bwenini kula indomie.

Ng'ombe Hazeeki
"Nikasema ndio" 😂😂😂 Coco Beach ya familia yenu mmetuachia tunakula mihogo bure kumbe

mpenda_pilau
Sawa nimeweka majani pembeni, endelea.

Binti Temeke
Wazo lilizaliwa chumba cha kufulia, besmenti ya bweni. Jumapili usiku mashine nane, watu ishirini, mnasubiriana. Nilikuwa na dada mmoja asili yake Puerto Rico ana mdomo huyo, mwingine Mhmong kutoka Wisconsin (Wahmong ni watu wa milimani huko Laos, wengi waliletwa Marekani kama wakimbizi baada ya vita), huyo haongei ila akiongea wote mnanyamaza. Yule wa Puerto Rico binamu yake alikuwa kwenye sororiti ya mchanganyiko huko mashariki, akatuonyesha kwenye simu video wamesimama mstari mmoja wanakanyaga chini na kupiga makofi, ile wanaita kustepu. Nikasema mbona huu ni mdundiko, ngoma yetu Wazaramo, umevaa raba.

Tukaandika imeli makao makuu ya chama usiku ule ule, nguo zangu zikabaki kwenye mashine mtu akazimwaga sakafuni.

Majibu yakaja baada ya wiki mbili na ndo nikajua udada una makaratasi kuliko mkopo wa benki. Wasichana wasiopungua watano wenye GPA, yani wastani wa maksi, kuanzia 2.5. Mlezi ambaye ni mwajiriwa wa chuo. Katiba. Bima, maana mtu akivunjika mguu kwenye shughuli yenu mnashtakiwa nyie. Kusimama mbele ya baraza la wanafunzi mueleze kwa nini mnahitajika. Na chapta mama ya kuwalea, ya kwetu ilikuwa mwendo wa masaa manne kwa gari. Mwaka mzima mnaitwa "kundi lenye nia", hamruhusiwi hata kuvaa herufi za chama kwenye tisheti.

Mkutano wa kwanza wa kujitangaza tulinunua pizza kumi kwa hela ya kuchangishana. Walikuja watu wanne. Mmoja alichukua vipande vitatu akasema amekosea chumba, akaondoka navyo. Mwingine alikuwa binti wa kizungu mwekundu kama nyanya, kwao wanafuga nguruwe, kakaa nyuma kabisa na daftari anaandika kila kitu. Sisi tukatazamana, huyu naye anatafuta nini.

Wiki nne tumekula pizza ya baridi asubuhi mchana jioni. Mpaka leo jibini sitaki kuliona.

Baba Doreen
Dada yangu mimi nimekaa kimya ila hapa niulize. Kuna kiapo hakuna? Kuna siri hamna? Mnafunikwa macho au hamfunikwi? Jibu hapo kwanza ndo tujue kama si hao hao.

Binti Temeke
Baba Doreen shikamoo. Kiapo kipo. Siri zipo. Na sikwambii.

Ila nikuulize na mimi, mama Doreen alivyotolewa ndani aliwahi kukwambia kungwi wake alimfundisha nini? Mimi Mzaramo baba, nimewekwa ndani kwa bibi yangu Mbagala, nimechezwa, kuna nyimbo nazijua ambazo hata mama yangu mzazi hatuziimbi mbele ya mwanaume. Mbona hapo hakuna anayesema Freemason? Nilivyofika kwenye mambo yao ya kumuingiza mwali mimi nilijisikia nyumbani kuliko wote. Mnaingia pamoja mnaitwa laini moja, mnapewa dada mkubwa wa kuwafunda, siku ya mwisho mnatolewa nje watu wawaone mmependeza. Yani kilichobaki ni kutunzwa hela tu.

Kisauni2
Wallahi umenena. Huku kwetu Mombasa nyanya zetu walikuwa na vyama vya lelemama, Banu Saada na Ibinalwatan, sare moja, vyeo, na ushindani wa kufa mtu, huyu akichinja mbuzi yule achinja ng'ombe. Na mle hawakuulizana sana asili, mradi unajua kucheza na unatoa mchango wako. Leo mtu akiona wamarekani wafanya hivo yuaona mapya.

Mwl. Chaki
Na yale mateso je? Maana tunasoma wanafunzi wanakufa huko kwa kulazimishwa pombe.

Binti Temeke
Kisauni asante, hilo la lelemama ningelijua kipindi kile ningelitia kwenye maelezo yetu ya baraza.

Mwalimu, mateso yapo na yameua watu, hapo sitetei mtu. Ni kama tulivyofanyiwa njuka bodingi, kubebeshwa ndoo za watu, kuamshwa usiku, ila kule kwenye vyama vya wavulana hasa ni pombe mpaka mtu anazimika moja kwa moja. Vyama vya weusi vilipiga marufuku rasmi mafunzo ya kupledge ya zamani, yani yale majaribio ya mgeni kabla hajaingia, mwaka 1990, na Desemba 2024 Marekani wamepitisha sheria ya taifa zima kwamba vyuo lazima vitangaze hadharani matukio hayo. Sisi walezi wetu walikuwa wakali. Kibaya zaidi nilichofanyiwa ni kukariri historia na kufanya mazoezi ya kustepu saa tano usiku juu ya jengo la kuegesha magari, nyuzi chini ya sifuri, kwa sababu ukumbi wa ndani ni lazima uwe chama kinachotambuliwa na sisi tulikuwa "kundi lenye nia".

Sasa nije kwenye kifo cha kwanza.

Tulikuwa sita. Desemba 2015 matokeo yakatoka, mmoja wetu GPA imeshuka 2.4. Pointi sifuri nukta moja! Alilia, tukalia naye, sheria ni sheria. Tukabaki watano, poa, watano wanatosha. Wiki mbili baadae yule Msomali wetu wa Minneapolis akaja chumbani kwangu akakaa kitandani hajavua koti. Mama yake kasikia neno kiapo. Akasema "Mama amesema niapie kwa Mwenyezi Mungu tu." Hakukuwa na la kujibu na sikujaribu, ningekuwa mimi mama ningesema vile vile. Tumebaki wanne na siku ya mwisho ya kupeleka majina ni baada ya siku tisa.

Ndo yule wa nguruwe akatuma ujumbe. Anauliza kama bado tunapokea.

Wakuu mimi nilikataa. Nilisimama kabisa nikasema chama cha mchanganyiko si cha wao, wao wana majumba yenye nguzo, waende huko. Yule wa Puerto Rico akanipinga, tukarushiana maneno mabaya, Kihispania na Kiswahili, hatuelewani ila tunajua tumetukanana. Mhmong kanyamaza mpaka mwisho halafu akasema, "Yeye ndo pekee alirudisha masanduku ya pizza siku ile." Basi.

Tukampokea. Nilimnunia miezi miwili.

Ng'ombe Hazeeki
Dah. Kumbe ubaguzi nawe ulikuwa nao kidogo eeh

Binti Temeke
Nilikuwa nao, nakubali. Nilidhani mchanganyiko maana yake ni sisi tuliobaki nje.

Na huyo binti ndo akawa mweka hazina. Kwao kilimo bwana, kila gunia linaandikwa. Alitununulia daftari la jalada gumu la kijani, ukurasa wa kushoto kinachoingia, kulia kinachotoka, na nyuma ya daftari akawa anaandika vitu vidogo vidogo: ofisi ipi inagonga muhuri gani, yule mama wa kaunta anapenda uanze na salamu, fomu ya ukumbi ipelekwe kabla ya tarehe 10, kampuni ya bima inapokea simu saa ngapi. Tulimcheka.

Hela tulipata kwa donati. Mimi nilitaka tuuze sambusa na maandazi, nikaambiwa chakula cha kupika bwenini hakiruhusiwi kuuzwa jengo la wanafunzi, lazima kitoke sehemu yenye kibali. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri tunaendesha pikapu ya baba yake, dakika 40 kwenye theluji, tunabeba dazeni 30, tunarudi kuuza kimoja kimoja mezani mpaka mchana. Kwenye ile pikapu inayonuka pumba ndo tulianza kuongea. Alinambia wiki ya usajili na yeye alienda kwenye yale majumba. Walimuuliza baba yake anafanya kazi gani, akawajibu. Kengele ikalia.

Aprili 2016 tukatolewa nje. Watano, mbele ya maktaba, watu kama thelathini na mbwa mmoja. Nilikuwa nimewafundisha mdundiko, ule mwendo wa kuburuza mguu wa kushoto halafu kiuno kinajibu, tukaupachika katikati ya kustepu. Ngoma ndoo ya rangi ya lita 20. Mtoto wa nguruwe kiuno kigumu kama mlango, ila alikuwa anahesabu midomo ikicheza, moja mbili tatu nne, hajakosea hata hatua.

Mzee wa Kibaoni
Mdundiko tuliambiwa ukiufuata unapotea. Huu ulipotelea Midwest.

mpenda_pilau
Naomba radhi hadharani, hii si chai. Kifo cha pili?

Binti Temeke
Nimekusamehe.

Watu wanafikiri kazi ni kuanzisha. Sisi waanzilishi ndo tunapigwa picha, majina yetu yako ukutani, kila mwaka wanatuimba. Uongo mtupu. Mwanafunzi anakaa chuo miaka minne, wewe ukiingia mwaka wa pili umebakiwa na miwili, kwa hiyo chapta yoyote ndogo kila baada ya miaka miwili mitatu inazaliwa upya au inakufa. Laini ya pili tulipata watatu. Laini ya tatu saba, tukaona tumefika Kanaani. Mimi nikamaliza 2018 nikaondoka nikijua nimeacha mji.

Machi 2020 korona. Chuo kikafungwa, watu wakarudi kwao, wengine ndo wakamaliza kwa mtandao. Kufika vuli walibaki wawili tu, mmoja yuko Texas kwa wazazi, mwingine ni binti wa Kikongo tuliyempata laini ya tano, alizaliwa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, familia ikahamishiwa Marekani akiwa mdogo. Huyo mimi na yeye Kiswahili tu. Makao makuu wakaandika barua ya kistaarabu kwamba mkikaa chini ya kiwango mihula miwili chapta inalazwa. Kulazwa ni neno la heshima, ni kufa. Kuamsha iliyolala ni kuanza upya na wale watu wa baraza.

Akanipigia usiku, huku Dar kumekucha. "Yaya (kwao ni dada mkubwa), mimi siwezi acha hii kitu ife mu mikono yangu." Nikamwambia mtafute wa nguruwe.

Mama, yule alikuwa ameacha daftari la kijani kabatini kwa mlezi. Lote. Mpaka majina ya mabweni yenye wanafunzi wengi wa kigeni, mpaka siku ambayo mhariri wa gazeti la chuo anapokea matangazo. Binti akakaa nalo kama msahafu. Akaomba makao makuu muhula mmoja zaidi kwa sababu ya janga, wakakubali. Akafanya mikutano kwa Zoom, hakuna pizza, hivyo aliyekuja alikuja kwa nia. Kipupwe kile wakaingia wanne. Mhindi mmoja, Wamexico wawili na mwenyeji wa asili wa kabila la Ho-Chunk, ambaye sisi miaka yote tuliongea mchanganyiko mchanganyiko hatukuwahi hata kujiuliza ardhi ile ilikuwa ya nani.

2024 walikuwa 19. Nyumba hawana, vyama vyetu vingi havina, wanakutana darasani Jumanne. Laini za sasa hazinijui, wakiniona Zoom wananiita "ma'am" kama mkaguzi wa shule.

Baba Doreen
Marahaba ya ile shikamoo, nilisahau kuitikia. Sasa Doreen amepata chuo huko Ohio mwezi wa nane. Unamshauri aingie?

Binti Temeke
Hongera sana mzee. Muhula wa kwanza asiingie popote, asome, ajue baridi. Akipenda kundi aombe karatasi ya ada zote kabla hajasaini, za mwaka na za mara moja, maana kuna za nguo, za mkutano mkuu, za kila kitu. Aulize ofisi ya chuo kama kundi hilo liliwahi kufungiwa. Aangalie nani anaosha vyombo baada ya shughuli. Na kama ni wa viza ya mwanafunzi asikubali kazi ya malipo nje ya chuo eti ya kuchangia ada ya chama, atarudishwa.

Baba Doreen
Nimescreenshot. Na kiapo?

Binti Temeke
Hiyo muulize mama Doreen.

Kisauni2
😂😂 Video ya mdundiko itupie basi twone.

Binti Temeke
Wamenitumia ya mwaka huu, ila nyuso za watoto wa watu siweki humu. Wanauita "the Temeke". Wanaanza na mguu wa kulia.